Mfagiaji wa Darasa Lililongoja Mgeni

Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu Mukami alifagia darasa ambalo, kwa mujibu wa kumbukumbu za bodi ya shule, hakuna mtoto aliyewahi kukanyaga ndani yake. Alilifagia Jumatatu hadi Ijumaa. Alipangusa vumbi kwenye madawati ishirini na matano ambayo hayakuwa yamekaliwa, akafuta ubao ambao haukuwa na neno. Akimaliza alifunga kufuli, akautia ufunguo shingoni kwa uzi, kisha akaenda darasa la upande wa pili wa ukuta, la gredi ya pili, ambako watoto tisini na saba walikuwa wamekaliana mapajani, akaokota makapi ya miwa. Ukimuuliza kazi yake ni ipi hasa, angekujibu bila kucheka, "Nafagia mahali safi ndio pasichafuke."

Mimi ni Kibe. Nina duka la mbegu na mbolea hapa Ndalu, na wakati huo nilikuwa katibu wa bodi ya shule hiyo. Kwa hivyo haya sikuyasikia kwa jirani. Mengi niliyaandika mwenyewe kwenye kitabu cha kumbukumbu, tena kwa mwandiko wa kupendeza, na kila palipopigwa kura mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wenzangu. Usinihurumie.

Darasa lenyewe lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Madarasa yetu ya zamani yalijengwa na mtu aliyependa ngazi kuliko watoto: kila mlango una ngazi tatu za mawe, na mvua ikinyesha hata mwalimu mzima hupanda akishikilia ukuta. Hili jipya halikuwa na ngazi. Lilikuwa na mteremko wa saruji uliopigwa vizuri, mlango mpana, ubao ulioshushwa ili mtoto aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu aufikie, na choo kando yake chenye chuma cha kujishikilia. Fundi alitoka Kitale na aliifanya kazi yake kama mtu atakayesomea humo. Juu ya mlango pakaandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: ELIMU KWA WOTE. Chini ya maneno hayo tukatia kufuli.

Kufuli ilikuwa ya mgeni wa heshima. Kama hutoki huku, huenda usielewe, kwa hivyo nitakueleza taratibu. Kwetu jengo la umma haliwi jengo mpaka mkubwa afike na kikosi chake, akate utepe, afunue kibao chenye jina lake, ale kuku, aondoke. Kabla ya hapo ni mawe na mabati tu. Nimewahi kuona choo cha soko moja, nisilolitaja, kikingoja mgeni miezi minne, na watu wazima wakienda vichakani kwa heshima kubwa.

Basi tulipoletewa darasa mwezi wa pili, bodi ilikaa. Mwalimu Lorna, wa gredi ya pili, alinyoosha mkono. Lorna ni msichana mrefu, mwembamba, sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kupigia kelele watoto tisini na saba.

"Mwalimu," akasema, "si waingie tu wasome? Siku ya mgeni tunawatoa, tunafagia, anakata utepe yake."

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Wanjala, ni mtu mwema. Hilo ndilo gumu kulielezea. Hapigi watoto, hali chakula chao, huja shuleni kabla ya jua. Alimtazama Lorna kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mwalimu Lorna, ukichinjia mgeni kuku, unaweza patia mtoto firigisi, halafu uambie mgeni ati huyu kuku ni mzima?"

Bodi ilicheka mpaka mwenyekiti akakohoa. Hakuna anayeweza kujibu firigisi, fungu la mgeni wa heshima, si hapa Bungoma. Nikaandika: *Bodi iliazimia kwa kauli moja kwamba darasa libaki katika hali ya upya.* Nilijivunia hayo maneno, hali ya upya. Nilimsomea hata mke wangu.

Nani atalitunza katika hali ya upya? Mukami. Tayari alikuwa mfagiaji wa shule, na alijulikana kwa kuvua viatu mlangoni hata akiingia ofisi ya mwalimu mkuu.

Sasa nikwambie Mukami ni nani, kwa sababu kwenye kitabu cha bodi ameandikwa "mfanyakazi" peke yake.

Alizaliwa upande wa Kitale, kwenye yale mashamba ambayo wazee wetu waliyafikia kutoka milimani wakiwa na jembe moja na Biblia moja. Babangu na babake walikuwa majirani, ndiyo maana namjua. Shuleni alikuwa hatari kwa hesabu. Mwalimu akiandika swali ubaoni, Mukami anajibu kabla chaki haijatua. Alipofika darasa la tano babake alimwita, akamwambia kwa upole: ngoja kidogo, kaka yako amalize kwanza, halafu zamu yako. Mukami alikuwa mtoto mtiifu. Akangoja. Kaka alimaliza, akaoa, akazeeka, akafa, tukamzika mwaka juzi kule kwao. Ile zamu haijafika mpaka leo. Subira huvuta heri, wanasema, lakini hawasemi inaivutia kwa nani.

Aliolewa huku Ndalu na Mbukusu mmoja mpole, wakapata binti, Rosaline. Mume alikufa mapema. Rosaline anauza nguo za mitumba Kitale, na mtoto wake, Joy, anaishi na nyanya yake hapa. Joy alizaliwa na miguu isiyokuwa na nguvu. Kichwa, kwa upande mwingine, kilikuwa na nguvu za watu wawili, na mdomo wa watu watatu.

Joy alipofika miaka sita, Mukami alimbeba mgongoni hadi shuleni. Mwalimu Wanjala alitoka ofisini, akamshika mtoto mkono, akaangalia zile ngazi za mawe. "Mama Rosaline, huyu mtoto ni wetu," akasema. "Lakini ataumia hapa. Serikali inaleta darasa ya watoto kama hawa. Ngoja tu ijengwe." Lilichukua miaka miwili kujengwa. Katikati ya miaka hiyo kanisa moja la Kitale lilimpa Joy kiti cha magurudumu, chenye gurudumu moja la mbele lililopiga kelele, *kwii, kwii*, hata kwenye saruji laini. Darasa lilipokamilika, Mukami alimsukuma Joy mpaka mlangoni. Mtoto sasa alikuwa na miaka minane, sare imeshonwa na imepigwa pasi.

Mwalimu Wanjala akatoka tena. Akaonyesha mteremko, akaonyesha mlango mpana, akaonyesha maneno ya bluu. "Unaona? Hii kitu imejengwa kwa ajili ya huyu. Wacha mgeni akuje afungue. Siku hiyo hiyo Joy ataingia wa kwanza, kabla ya mtu yeyote."

"Mgeni anakuja lini, Mwalimu?"

"Mwezi ujao."

Mukami akarudi nyumbani na mtoto, akaivua ile sare, akaikunja. Kesho yake akaja na ufagio kulifagia lile darasa. Mimi nilikuwepo, nilimpa ufunguo kwa mkono wangu, na nikamwambia autunze vizuri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi wa tatu gari la mgeni lilifika Misikhu, akaambiwa barabara ya huku ina matope, akageuza akarudi Bungoma mjini. Watoto wetu walikuwa wameshaimba mvuani kwa saa tatu. Mwezi wa sita alikuwa na mazishi, na huwezi kushindana na mazishi. Mwezi wa tisa tulipata habari kwamba mgeni mwenyewe hashikilii tena ile ofisi, na kibao chetu kilikuwa na jina lake limechongwa. Ikabidi niende Kitale kuchongesha kibao kingine chenye jina la mgeni mwingine, na nikiwa huko nikanunua utepe mwekundu wa tatu, maana wa kwanza uliliwa na mbuzi wa mwenyekiti na wa pili ulipaushwa na jua ukawa rangi ya nyama iliyochemshwa. Nilichagua utepe mzuri sana. Nilisimama dukani karibu nusu saa nikilinganisha.

Nilipoufunga mlangoni, Mukami alinisaidia kushika upande mmoja. "Juu kidogo, Katibu," akaniambia. "Mheshimiwa wa sasa ana tumbo kubwa." Tukaufunga usawa wa tumbo la mheshimiwa. Nilidhani ananitania.

Kilichotokea baada ya hapo alinisimulia mwenyewe, mambo yalipokwisha. Asubuhi iliyofuata alimleta Joy shuleni mapema, kabla ya kengele. Alifungua kufuli. Akasukuma kiti juu ya mteremko, na kilipofika mlangoni Joy akainamisha kichwa, akapita chini ya utepe. Utepe haukutikisika. Mukami akamweka mbele kabisa, karibu na ukuta wa gredi ya pili, akamwachia daftari, penseli na vipande vya chaki, akarudisha mlango na kuitundika kufuli wazi kwenye pete yake, kama imefungwa. Aliweza kumfikia mtoto wakati wowote, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumchungulia. Nani huchungulia darasa tupu? Tena vioo vyote tulikuwa tumevibandika magazeti ya zamani kwa ndani, jua lisije likafifisha rangi. Hilo pia lilikuwa wazo langu.

Huo ukuta wa gredi ya pili ndio uliokuwa mwalimu. Fundi alilitegemeza darasa jipya kwenye lile la zamani ili asijenge ukuta mara mbili, na ukuta wa zamani haukufika kwenye mabati. Juu yake palikuwa na pengo ambalo paka angepita. Kila neno la Lorna lilivuka. Joy alijifunza kusoma kwa sikio la pengo na jicho la magazeti ya dirishani. Ndiyo maana alijua neno *zabuni* kabla hajajua kuandika *kuku*, na alijua matangazo yote ya vifo ya mwaka mmoja kwa majina. Mchana Mukami alimletea chakula, akampeleka kwenye kile choo chenye chuma. Choo kilikuwa kizuri kweli, alisema Joy. Hakikuwa na harufu yoyote, kwa sababu kilikuwa chake peke yake.

Walikwenda hivyo muhula mmoja, na mwingine, na wa tatu ukaanza. Mukami alilipaka lile gurudumu mafuta ya kupikia kila Jumatatu, lakini kufikia Alhamisi lilikuwa limeanza tena *kwii*. Watoto wa gredi ya pili wakaanza kuambiana kwamba darasa tupu linalia.

Halafu ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa tano. Lorna aliandika ubaoni, arobaini na tatu toa kumi na tisa. Akauliza jibu. Watoto tisini na saba wakaangalia paa. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kwa ile sauti ya mtu anayekaribia kulia, na hapo kutoka nyuma ya ukuta, kwenye darasa lililofungwa, likaja jibu lililochoka kungoja:

"Ishirini na nne! Si unaazima kumi!"

Lorna ananiapia kwamba hakukimbia. Alisema alikuwa anawafuata watoto wasije wakaumia. Nikubali hivyo. Ninachojua ni kwamba nilipofika shuleni, gredi ya pili yote ilikuwa imefika sokoni, na mwalimu wao alikuwa mbele.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ilipofika siku ya soko lilikuwa limekuja na nguo zake. Wengine walisema darasa limejengwa juu ya kaburi. Wengine walisema ni mwalimu wa zamani aliyekufa akingoja kupandishwa cheo, sasa amerudi kufundisha bila barua. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa na hakika zaidi ya wote. "Irikuwa sauti ya mtoto," akasema, "rakini mtoto gani anaweza kutoa hesabu hivyo, hapa Ndaru?" Wazazi wakaacha kuleta watoto.

Bodi ikakaa kwa dharura. Watu wazima kumi na mmoja, wanne kati yetu wamesoma mpaka chuo. Mtu mmoja, nadhani alikuwa mwekahazina, akasema polepole kwamba labda tufungue mlango tuangalie. Mwalimu Wanjala akashika kichwa.

"Na utepe? Mgeni amethibitisha mwezi wa saba, barua iko. Tukifungua saa hii, si tumejifungulia wenyewe?"

Tukaona kweli. Nikaandika: *Bodi iliazimia aitwe pasta.* Wakati naandika, Mukami alikuwa ananimiminia chai. Hakumwaga hata tone moja. Nilimshukuru, nikamwomba sukari.

Pasta Ndirangu wa pale kituoni alisema atakuja Jumanne saa nne. Sasa, Mukami angeweza kumwacha Joy nyumbani Jumanne hiyo. Mtu yeyote mwenye kutaka kazi yake angefanya hivyo, mapepo yangeombewa, yangeondoka, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo. "Nilingoja babangu," akasema. "Huyu sikutaka azeeke akingoja pia." Jumanne hiyo alimsuka Joy nywele upya, akaitoa ile sare iliyokunjwa, ambayo sasa ilimfika juu ya magoti, akamleta kabla ya kengele, akamweka mahali pake.

Saa nne tulikuwa wote uwanjani, wazazi, walimu, watoto wakiwa nyuma ya mama zao. Pasta alisimama kwenye mteremko, chupa ya mafuta mkononi, akawa mwangalifu asiuguse utepe. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kikuyu, akatikisika. Jasho likamtoka. Mwishowe akaunyooshea mlango kidole.

"Wewe roho uliye humu ndani! Kwa mamlaka niliyopewa, nakuamuru! Taja jina lako!"

Halafu kutoka ndani, kwa adabu:

"Joy."

Pasta alirudi nyuma hatua tatu, akasahau kwamba yuko kwenye mteremko. Mwenyekiti wa bodi alikuwa tayari ameufikia ua wa shule. Ni Lorna peke yake aliyesogea mbele.

"Joy gani?" akauliza.

"Joy Nakhungu, wa Rosaline. Mwalimu, mbona siku hizi hufundishi?"

Hapo Mukami akapita katikati yetu. Alivua viatu kama kawaida. Aliitungua ile kufuli iliyotundikwa wazi, akainama chini ya utepe, akasukuma mlango. Joy alikuwa pale mbele, mikono juu ya dawati. Kwenye ubao ule ulioshushwa palikuwa pamejaa hesabu za chaki kutoka kona hadi kona, za kutoa na za kujumlisha, na kando yake, kwa herufi zilizolala, *zabuni*. Niliusoma ubao ule nikiwa nimesimama nje ya utepe wangu mwekundu, na niliona haya. Sijui neno jingine la kuweka hapo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama Rosaline," Mwalimu Wanjala akasema, sauti chini, "umetuharibia. Mgeni atasema nini?"

"Mwalimu," Mukami akamjibu, "wewe uliniambia darasa ikifunguliwa huyu ataingia wa kwanza. Haijafunguliwa. Ameingia wa kwanza tu. Na utepe yenu ni mzima, angalia."

Tuliangalia. Ulikuwa mzima.

Mwalimu mkuu alifungua mdomo, nadhani alikuwa anatafuta ile firigisi, lakini Lorna hakumngoja. Aligeuka kwa watoto wake. "Gredi ya pili! Safu ya dirishani na safu ya katikati, ingieni. Inameni vichwa. Mtu asiguse utepe!" Wakaingia, mmoja mmoja, wakiinama kama watu wanaoingia banda la kuku, wakicheka, arobaini na wanane kati yao, na utepe haukutikisika. Wengine waliobaki darasa la zamani walikaa kwa mara ya kwanza bila kukaliana, na walishangaa dawati lina ukubwa gani.

Hakuna aliyetoa ruhusa, na hakuna aliyethubutu kuwatoa mbele ya mama zao. Kwenye kitabu niliandika kwamba darasa halijafunguliwa rasmi. Ilikuwa kweli tupu. Kwa miezi miwili watoto wa gredi ya pili waliingia na kutoka wakiinama. Lorna, kwa urefu wake wote, aliinama. Siku moja nilimwona Mwalimu Wanjala mwenyewe akiinama, amebeba boksi la chaki, akatoka akiinama tena, na tulipokutana macho akasema tu, "Hii hali ya upya ina kazi, bana."

Mwezi wa saba mgeni alikuja kweli. Siku moja kabla, bodi ilimwagiza Mukami alifagie darasa lionekane halijawahi kutumiwa. Madawati yalisuguliwa majina ya watoto yakatoka. Ubao ukaoshwa. Magazeti yakarudishwa dirishani, tuyatoe mbele ya mgeni. Mukami alifanya yote hayo vizuri, kwa kuwa hakuna mtu Kenya nzima aliyekuwa na ujuzi zaidi yake wa kufagia darasa la namna hiyo. Watoto tukawapanga nje, tukawaambia wakiona ndani washangae.

Mheshimiwa alichelewa kwa saa nne, jambo ambalo kwa kweli ni la kupongezwa ukizingatia rekodi ya wenzake. Alikuwa mtu mchangamfu. Alikata utepe, na nilisikia ule mkasi ukipita. Alifunua kibao. Alisema kuanzia leo watoto wa Ndalu hawatateseka tena, kuanzia leo hakuna mtoto atakayeachwa nje, na kila aliposema kuanzia leo tulipiga makofi. Watoto walishangaa vizuri sana.

Kisha akamwona Joy, ambaye Mwalimu Wanjala alikuwa amemweka mbele kabisa ili aonekane kwenye picha. Mheshimiwa akachuchumaa hadi wakawa macho kwa macho. Kipaza sauti kikaletwa.

"Mrembo, unaitwa nani?"

"Joy."

"Joy uko gredi gani?"

"Gredi ya pili."

"Safi sana! Na una miaka mingapi?"

"Kumi."

Mheshimiwa alikuwa na watoto nyumbani kwake, na alijua hesabu. Uso wake ukaingia huruma ya kweli, ile isiyohitaji kamera. "Kumi? Na uko ya pili? Kwa nini ukachelewa hivyo, wangu?"

Joy hakuwa na ubaya wowote moyoni, nataka hilo lijulikane. Alikuwa ameulizwa swali, na yeye alizoea kujibu.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, tulikikodisha Kitale. Neno hilo lilifika mpaka barabarani. Halafu Mwalimu Wanjala akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukafuata, wazazi wakapiga vigelegele, kwaya ikaanza wimbo. Mheshimiwa aliinuka akipangusa jicho. Alimgeukia kijana wake mwenye simu, nikamsikia akimwambia, "Umeshika hiyo? Ati alikuwa ananingoja. Hiyo ndiyo upendo ya wananchi." Akampapasa Joy kichwani, akaenda kula kuku. Firigisi alipewa, nzima.

Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kupiga makofi na wenzangu nilipomtazama Mukami. Alikuwa kando ya mlango na ufagio wake, anaokota vile vipande viwili vya utepe. Hakuwa anapiga makofi. Mikono yangu ikasimama hewani, sikujua pa kuiweka.

Alikuja mpaka nilipokuwa, akanipa vile vipande kana kwamba ni mali yangu, na kwa kweli vilikuwa mali yangu.

"Katibu," akasema, "hiyo ya mtoto umeandika?"

Kitabu cha bodi nilikuwa nacho kwapani. Humo nimeandika kwamba mgeni wa heshima alifika, akalifungua darasa rasmi, akapokelewa kwa shangwe, na mkutano ukafungwa kwa maombi. Mwenyekiti ameshatia sahihi. Kwa hivyo nimetafuta karatasi nyingine, ni hii hapa. Nimeandika, Mama Rosaline.